Ukabila hauko damuni: tunachokosea tunapolinganisha Kenya na Tanzania

Uchaguzi mkuu wa Kenya umepangwa kufanyika Agosti 2027, na mazungumzo yameshabadilika. Juni 2024 vijana waliomiminika barabarani kupinga Muswada wa Fedha walijitangaza kuwa watu wasio na kabila, wasio na kiongozi na wasio na chama. Tarehe 25 mwezi huo waliingia hadi ndani ya Bunge jijini Nairobi, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada ule. Sasa hivi kinachohesabiwa tena redioni na magazetini ni kura za Mlima Kenya, kura za Nyanza baada ya kifo cha Raila Odinga Oktoba 2025, kura za Magharibi, za Ukambani, za Pwani. Wachambuzi wengi wamekwishatoa hukumu: vijana wale walikuwa wanajidanganya, ukabila wa Wakenya uko damuni, na jirani yao Tanzania alinusurika kwa sababu tu alibahatika kumpata Mwalimu Nyerere. Hukumu hiyo naona ina makosa pande zote mbili za mpaka. Ukabila wa kisiasa hutengenezwa. Huutengeneza hesabu ya kura, huuchochea ukubwa wa kile kinachogombewa, na hupanda na kushuka kadiri kanuni za kugawa mali ya umma zinavyobadilika. Kinachotengenezwa Kenya kinaweza kuvunjwa Kenya, na kinaweza pia kutengenezwa Tanzania. Ushahidi wa haya umekusanywa kwa zaidi ya miaka 20 na wataalamu wa siasa linganishi, sehemu kubwa katika vijiji vyetu wenyewe, lakini umebaki katika majarida ya Kiingereza ambayo mhariri wa Nairobi au Dar es Salaam hana haja ya kuyafungua.

Nianze na namna wanavyofanya kazi, kwa sababu ndipo kutoelewana kunapoanzia. Mtafiti wa siasa hawezi kuiweka nchi maabara, akaipa nusu yake katiba moja na nusu nyingine katiba tofauti, kisha akasubiri. Anachoweza ni kutafuta sehemu mbili zinazofanana karibu katika kila kitu isipokuwa jambo moja, halafu aulize kama jambo lile moja ndilo linaloeleza tofauti anayoiona. Mipaka ya kikoloni, iliyokata koo na vijiji katikati bila kuuliza mtu, imekuwa hazina kubwa ya ulinganisho wa aina hiyo. Mfano bora ninaoujua ni wa Daniel Posner, aliyechapisha mwaka 2004 utafiti wake juu ya Wachewa na Watumbuka. Mpaka wa Zambia na Malawi ulichorwa mwaka 1891 na kampuni ya Waingereza iliyotawala eneo lile, kwa sababu za kiutawala tu, na ukawaacha Wachewa na Watumbuka pande zote mbili. Posner alichagua vijiji vya makabila yote mawili, vilivyotenganishwa na maili chache tu pamoja na mstari ule wa ramani. Mila ni zilezile pande zote mbili za mpaka: Wachewa wanahesabu ukoo kwa upande wa mama na wana ngoma yao ya nyau, Watumbuka wanahesabu kwa upande wa baba, wanatoa mahari ya ng'ombe na wana ngoma ya vimbuza. Kama ukabila ungetokana na tofauti za mila, pande zote mbili za mpaka zingetoa majibu yanayofanana. Haikuwa hivyo. Upande wa Malawi zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema wasingempigia kura mgombea urais wa kabila lile jingine, na zaidi ya nusu wasingeoa au kuolewa huko. Upande wa Zambia wenye msimamo huo hawakufika robo.

Maelezo ya Posner yanakaa kwenye hesabu. Malawi ni nchi ndogo, na ndani yake Wachewa na Watumbuka ni makundi makubwa kiasi cha mwanasiasa kuweza kujenga chama juu ya kundi moja na kutishia watu kwa lile jingine. Zambia ni pana zaidi, na humo makabila yote mawili ni madogo mno kusimama peke yake, kwa hiyo yanapofika kwenye meza ya Lusaka yanajitambulisha pamoja kama watu wa Mashariki, dhidi ya Wabemba wa Kaskazini au Watonga wa Kusini. Historia ya kura inaunga mkono jambo hili. Zambia ilipofanya uchaguzi wa vyama vingi mwaka 1991, chama cha Kenneth Kaunda cha UNIP kilipigwa vibaya nchi nzima, lakini Mkoa wa Mashariki ulikipa viti vyake vyote 19, Wachewa na Watumbuka wakiwa kambi moja. Malawi ilipofanya wa kwake mwaka 1994, Kamuzu Banda na chama chake cha MCP walibaki na eneo la Kati la Wachewa, Chakufwa Chihana na AFORD wakachukua Kaskazini kwa Watumbuka, na Bakili Muluzi akashinda kwa Kusini. Ndugu wa damu moja, binamu wanaovuka mpaka kwenda kuzikana, walikuwa washirika huku na mahasimu kule.

Utafiti wa pili unatuhusu moja kwa moja, na ndio uliosomwa vibaya zaidi. Mwaka huohuo wa 2004 Edward Miguel alichapisha ulinganisho wa wilaya mbili za mashambani: Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, ambayo wakati ule ilikuwa Mkoa wa Shinyanga na leo iko Simiyu. Hakuwauliza watu kama wanapendana. Alihesabu madawati, vyumba vya madarasa, visima na fedha zilizochangwa na wananchi. Katika Kenya ya miaka ya 1990 serikali ililipa mishahara ya walimu, na mengine yakaachiwa wazazi kwa njia ya ada na harambee. Kamati ya shule inakutana, mwenyekiti anasoma majina ya wasiolipa, na nguvu pekee aliyonayo ni aibu: kumtaja mtu mbele ya majirani, kumfuata nyumbani, kumrudisha mtoto wake hadi alipe. Kazi ya Miguel na Mary Kay Gugerty katika eneo la Busia, iliyopitia hadi kumbukumbu za vikao vya kamati hizo, ilionyesha kwamba palipo na mchanganyiko wa Waluhya, Wajaluo na Wateso aibu haikufanya kazi. Mwenyekiti Mluhya anasita kumkabili mzazi Mteso, kwa kuwa neno lake litachukuliwa kuwa ni la kabila dhidi ya kabila. Matokeo yake, ukitoka kwenye eneo la kabila moja kwenda kwenye eneo la mchanganyiko wa wastani, michango kwa kila mwanafunzi ilipungua kwa takriban asilimia 20. Meatu, pamoja na mchanganyiko wake wa Wasukuma na makundi mengine madogo, haikuonyesha upungufu huo kabisa. Shule za vijiji mchanganyiko zilichangiwa sawa na zile za vijiji vya kabila moja.

Nikiwauliza wanafunzi wa shahada ya kwanza tofauti hiyo inatokana na nini, jibu hutoka kwa pamoja: Nyerere. Jibu hilo lina uzito na sitaki kulidharau. Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, ilhali Kenya chifu alibaki ofisa wa serikali hadi leo. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Wanafunzi wa sekondari walipelekwa mabweni ya mikoa ya mbali, vijana wakapitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), watumishi wakahamishwa kutoka Mtwara kwenda Kagera. Kijiji kikapewa serikali yake ya kuchaguliwa, yenye mamlaka halali ya kumwambia mtu alipe mchango, kwa hiyo mwenyekiti hakuhitaji kutegemea undugu ili asikilizwe. Hili la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo linalotajwa kwa nadra. Miguel mwenyewe aliyapa mambo haya nafasi kubwa katika maelezo yake.

Lakini ulinganisho wa wilaya mbili hauwezi kubeba mzigo wote tunaoubebesha. Busia na Meatu hazipakani. Meatu Wasukuma ni wengi mno kuliko wengine, hali ambayo Busia haina. Na hata tukikubali kwamba chanzo ni sera za taifa, utafiti ule hautenganishi sera ipi ilifanya nini: lugha, kufutwa kwa machifu, muundo wa kijiji, au ukweli wa kihesabu kwamba katika nchi ya makabila zaidi ya 120 hakuna kabila linaloweza hata kuota kushika dola kwa kura zake. Kenya hesabu ni nyingine. Kwa sensa ya mwaka 2019, Wakikuyu walikuwa milioni 8.1, Waluhya 6.8, Wakalenjin 6.4, Wajaluo 5.1 na Wakamba 4.7. Hao watano peke yao ni karibu theluthi mbili ya watu wote wa Kenya. Mtu yeyote anayepanga kushinda urais kwa mseto wa vinara watatu au wanne anayo njia, na njia hiyo haikuwahi kuwepo Tanzania bara, hata kama asingezaliwa Nyerere.

Hoja ya lugha ndiyo dhaifu zaidi kati ya zote, na kwa sababu inapendwa sana hatuna budi kuikabili waziwazi. Husemwa kwamba Kiswahili ndicho kilichoua ukabila Tanzania. Mwaka 1968 Banda wa Malawi naye aliichagua lugha moja ya taifa, Chichewa, akaiondoa Kitumbuka redioni. Badala ya kuunganisha, hatua ile ilimwonyesha kila Mtumbuka kwamba dola ina wenyewe. Rwanda na Burundi zilikuwa na lugha moja kila nchi kwa karne nyingi kabla hatujazungumza habari za kujenga taifa, na hiyo haikuzuia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kenya nayo inazungumza Kiswahili, na mwaka 2007 watu walitukanana na kutishana kwa Kiswahili kizuri tu. Kiswahili kiliisaidia Tanzania kwa sababu hakikuwa mali ya kabila lolote kubwa la bara lililokuwa likigombea madaraka. Sifa hiyo ilitokana na biashara ya misafara, dini, shule na utawala wa Kijerumani, na ilikuwepo kabla ya uhuru. Lugha iliondoa kikwazo kimoja. Kudai kwamba inatosha ni kujipumbaza.

Turudi kwa vijana wa Nairobi. Mwaka 2010 Benn Eifert, Miguel na Posner walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu zaidi ya 35,000 katika tafiti 22 za maoni kutoka nchi 10 za Afrika. Wahojiwa waliulizwa kundi gani wanajiona wamo zaidi ya yote. Wengine walitaja kazi yao, wengine dini, wengine kabila. Watafiti wakaangalia uchaguzi wa urais ulikuwa umbali gani siku mtu alipohojiwa. Kwa kila mwezi mmoja wa kukaribia uchaguzi wenye ushindani, uwezekano wa mtu kujitambulisha kwa kabila uliongezeka kwa pointi 1.8 za asilimia. Mtu yuleyule mwenye babu walewale, akiulizwa katikati ya muhula anasema mimi ni mkulima, akiulizwa wiki mbili kabla ya kura anataja kabila. Kwa mizani hiyo, Juni 2024 ilikuwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya uchaguzi, na suala lililokuwa mezani lilikuwa kodi, ambayo humuuma mwenye simu na mnunua mkate bila kujali anatoka wapi. Vijana wale hawakusema uongo. Walisema kilichokuwa kweli kwa wakati na suala lile. Na kupanda kwa lugha ya kabila kadiri 2027 inavyokaribia kulitarajiwa na yeyote aliyesoma ushahidi. Hakuthibitishi kwamba kilichoonekana mwaka 2024 kilikuwa maigizo. Kuna jaribio jingine lililofanywa Nairobi, Miguel na Posner wakiwa miongoni mwa watafiti, ambapo wakazi wa jiji walicheza michezo ya kugawana fedha halisi na watu wasiowajua, wakijua tu kabila la mwenzao. Katika vipimo vingi watafiti hawakuona upendeleo wa kikabila. Wakazi wa jiji ambalo wadi zake hupiga kura kwa makambi waligawana fedha mkononi bila makambi.

Na mwenye kudai kwamba uhasama uko damuni atupe maelezo ya mwaka 2013. Miaka mitano tu kabla yake, baada ya kura ya Desemba 2007, Bonde la Ufa liliwaka, Wakalenjin na Wakikuyu wakiwa katikati ya moto. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliotazamwa kama vinara wa pande hizo mbili, wakaungana, na ngome zao zikawapigia kura pamoja kwa wingi usio wa kawaida. Oktoba 2024 Naibu Rais Rigathi Gachagua, Mkikuyu, alipoondolewa madarakani, mshono ule ukaachia tena, na miezi michache baadaye Ruto akatia saini makubaliano na Raila, mtu ambaye ngome yake ilikuwa imemkataa Ruto katika uchaguzi uliotangulia. Mistari inayochorwa upya kila baada ya miaka mitano kwa hesabu za viongozi haiwezi kuwa ya damu.

Hapo huibuka hoja inayosikika sana upande wetu wa mpaka, huku Tanzania, na mara nyingi kutoka kwa watu wenye mamlaka: kama ushindani unachochea kabila, basi tupunguze ushindani. Chama kimoja, au vyama vingi visivyo na meno, ndiyo salama ya taifa. Hoja hii ina mvuto kwa kuwa inaanza na jambo la kweli. Mwisho wake, hata hivyo, unakataliwa na barabara za lami. Robin Burgess na wenzake walichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa ujenzi wa barabara Kenya kuanzia 1963 hadi 2011, wilaya kwa wilaya, mwaka kwa mwaka. Wilaya ambazo wakazi wake wengi ni wa kabila la rais zilipata matumizi ya barabara mara mbili ya sehemu nyingine, na urefu wa lami iliyojengwa ukawa mara tano. Upendeleo huo ulistawi lini? Katika miaka ya chama kimoja, tangu chama cha upinzani cha KPU kilipopigwa marufuku mwaka 1969 hadi vyama vingi viliporudi: kwanza kwa watu wa Jomo Kenyatta, kisha, baada ya 1978, kwa watu wa Daniel arap Moi. Katika vipindi vya ushindani wa vyama ulififia hadi karibu kutoweka. Chama kimoja kilinyamazisha maneno ya kikabila majukwaani huku lami ikimwagwa kwa kabila. Kama ninachojali ni mama wa Turkana kufika hospitali, nitachagua kelele za kampeni pamoja na barabara.

Picha haikamiliki bila utafiti wa Eric Kramon na Posner kuhusu elimu. Waliona kwamba Wakenya waliokuwa na umri wa kwenda shule wakati rais ni wa kabila lao walisoma zaidi, na kwamba kuja kwa vyama vingi hakukubadilisha upendeleo huo. Barabara na shule zimetoa majibu tofauti. Naona sababu yake inaeleweka: barabara inaonekana, bajeti yake inajadiliwa, na mbunge wa upinzani anaweza kusimama na kuuliza kwa nini kwake hakuna, lakini nafasi ya shule, mwalimu aliyehamishwa na barua ya kuajiriwa hupita chini kwa chini. Kama ndivyo, ushindani hudhibiti tu kile kinachoweza kuhesabiwa hadharani, na hili ndilo funzo ambalo wala mtetezi wa chama kimoja wala mshabiki wa vyama vingi hataki kulisikia.

Ndiyo maana hoja ninayoiheshimu zaidi upande wa pili ni ile inayomtetea mpiga kura wa kabila. Inasema kwamba mtu wa Baringo au Nyeri anayempigia kura mtu wao hana ujinga wowote; ameona kwa macho yake lami ilikomea wapi. Akijua kwamba majirani watapiga kura hivyo, na kwamba rais atagawa hivyo, kuwa peke yake aliye juu ya ukabila ni kujitoa kafara na familia yake. Naikubali. Na nikishaikubali, mahubiri ya upendo, nyimbo za uzalendo na matangazo ya televisheni yenye watoto wa makabila yote wameshikana mikono yanakuwa ni kupoteza fedha. Kinachobadilisha hesabu ya mpiga kura huyo ni kuona kwamba fedha zinamfikia rais awe nani. Katiba ya Kenya ya 2010 ilianza kazi hiyo: kaunti 47 zinapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa fomyula, na mshindi wa urais lazima apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti pamoja na kuvuka nusu ya kura zote. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 inazuia taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka kabila moja. Anayetaka kujua ukabila wa Kenya unaelekea wapi kabla ya Agosti 2027 aziache hotuba za vinara, afuatilie mambo hayo: fedha za kaunti zinachelewa Hazina kwa kiasi gani, ni barabara zipi zinazinduliwa nje ya bajeti katika ziara za rais, na orodha za uteuzi zina majina kutoka wapi.

Tanzania sasa. Sensa yetu haijauliza kabila tangu 1967, na sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 inakataza chama cha kabila, dini au eneo. Hayo yamesaidia, ila yametufanya tuamini kwamba tumepona ugonjwa ambao hatujawahi kupimwa. Matokeo ya Eifert na wenzake yanahusu uchaguzi wa urais wenye ushindani, na chaguzi za namna hiyo tumekuwa nazo chache mno. Nikiri kwa haki kwamba zilizokaribia zinatupa moyo: mwaka 1995 Augustino Mrema alipata karibu asilimia 28, na mwaka 2015 Edward Lowassa karibu 40 dhidi ya 58 za John Magufuli, na katika zote mbili kura zilivuka makabila. Lakini tazama jinsi mbegu zilivyo karibu na uso wa udongo. CHADEMA ilisakamwa kwa miaka kuwa chama cha Wachaga na cha Kaskazini. Baada ya Magufuli kufariki mwaka 2021 ukazuka msemo wa Sukuma Gang, yaani genge la Wasukuma waliohesabiwa kuwa watu wake, na watu wazima wenye nyadhifa wakautumia hadharani. Zanzibar, mstari wa Unguja na Pemba umetabiri kura tangu kabla ya Mapinduzi, ukamwaga damu Januari 2001, na ulipoa pale tu kura ya maoni ya 2010 ilipowapa walioshindwa sehemu katika serikali. Dawa iliyopatikana huko ilikuwa kanuni ya kugawana, katika nchi hiihii tunayosema haina tatizo. Burundi nayo, kwa makubaliano yaliyotiwa saini Arusha mwaka 2000 baada ya Nyerere kuyaanzisha na Mandela kuyamaliza, iliandika katika katiba yake ya 2005 hadi uwiano wa 60 kwa 40 wa Wahutu na Watutsi bungeni. Katika kesi zote mbili kilichofanya kazi kiliandikwa kwenye sheria.

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ambao CHADEMA haikushiriki, mgombea wa ACT-Wazalendo akaenguliwa na mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97, ulifuatwa na maandamano na vifo. Hasira ile haikuwa ya kikabila, na ni jambo la kutia moyo sana. Siwezi kusema hivyohivyo kuhusu ushindani wa kweli utakaorudi siku moja, maana ndipo wanasiasa watakapotafuta kundi la kuegemea, na makundi yapo: bara na visiwani, Waislamu na Wakristo, Kanda ya Ziwa na Kaskazini. Busara ni kuziandika kanuni za kugawa sasa, wakati hakuna anayejua zitamnufaisha nani.

Ingefaa pia tuwe na ushahidi wetu. Tafiti zote nilizozitaja zimeongozwa na wasomi wa vyuo vya Marekani na Ulaya. Mchango wa watafiti wasaidizi wa Busia na Meatu umo, ila maswali hayakuwa yao. Ni vigumu kuwalaumu wa hapa nyumbani. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, kabla hayajalegezwa mwaka uliofuata, yalimfanya mtafiti wa Tanzania aogope hata kuchapisha namba inayotofautiana na ya serikali. Hata hivyo ulinganisho bora kuliko ule wa Busia na Meatu upo wazi na haujafanywa kama inavyostahili. Wakurya wako Tarime na wako Kuria, kaunti ya Migori. Wajaluo wako Rorya na Migori hiyohiyo. Wadigo wako Mkinga na Kwale, Wamaasai wako Longido na Kajiado. Tarime Wakurya ndio wengi, na migogoro iliyoripotiwa huko kwa miaka ni ya koo kwa koo. Migori ni wachache mbele ya Wajaluo. Kwa hesabu ya Posner, ukoo ungepaswa kuwa na uzito mkubwa wa kisiasa Tarime, na kabila lingepaswa kuwa na uzito zaidi Kuria, kwa watu walewale wanaooana na kuvuka Sirari kila siku ya gulio. Kama ndivyo ilivyo, tutakuwa tumejua kwamba siri ya amani ya Tanzania ni ukubwa wa makundi zaidi ya sera. Kama sivyo, na wanakijiji wa Tarime wakaonekana kuchangia zahanati bila kuangalia ukoo, basi serikali ya kijiji aliyoiacha Nyerere inastahili sifa inayopewa, na Kenya itakuwa na kitu mahsusi cha kuiga. Kazi hiyo inaweza kufanywa na vyuo vikuu viwili, kimoja kila upande, kwa vibali vya tume za sayansi za nchi hizi mbili, COSTECH ya Tanzania na NACOSTI ya Kenya, na ingefaa data za kwanza zikusanywe mapema, kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto, ili zirudiwe wiki chache kabla ya kura na tupime tofauti.